Bado mapema

Mwaka 2017 daktari mmoja alikaa kimya akinitazama nikifunga vifungo vya koti langu. Vifungo sita. Nilipomaliza akasema: "Kwa upasuaji bado mapema. Tutalizungumza hilo dawa zikishindwa." Nilimshukuru kwa moyo wote. Nilitoka pale kama mtu aliyesamehewa deni, nikampigia mama Unguja kumwambia hakuna wa kunitoboa kichwa, naye akasema alhamdulillahi, mwanangu, haraka haraka haina baraka.

Nilikuwa na miaka 48. Parkinson nilikuwa nayo mwaka wa tano, na tangu mwaka uliotangulia dawa zilikuwa zimeanza kunigeuka. Naandika juu ya neno hilo, mapema, kwa sababu lilinila miaka miwili, na kwa sababu haupiti mwezi bila kupigiwa simu na mtu wa huku Ujerumani, wa Muscat au wa nyumbani, akiuliza lile lile: mgonjwa wetu ana Parkinson, tumesikia kuna matibabu ya umeme wa kichwani, twende sasa au tungoje?

Mimi ugonjwa uliniingilia kwenye kofia. Ni fundi cherehani. Mchana nilikuwa nafanya kazi duka la kurekebisha nguo: kupunguza suruali, kubadilisha zipu, kubana magauni ya harusi. Usiku nashona kofia za viua kama alivyonifundisha bibi yangu, kwa mkono, kitundu baada ya kitundu. Unatoboa kitambaa, unazungushia uzi mpaka mdomo wa kitundu ukaze, unahamia cha pili. Kofia moja hunichukua miezi. Mwaka 2011 niliiinua kwenye taa kofia niliyokuwa namshonea mwanangu nikaona kasoro ambayo sikuifanya hata nilipokuwa mtoto najifunza. Kila safu ilianza na viua vya kawaida, kisha vikawa vinapungua, vinapungua, mpaka vya mwisho vimefumbana kama macho ya mtu anayesinzia. Nikanunua miwani. Bega la kulia likaanza kuuma, nikatibiwa bega. Mume wangu akawa ananiuliza mbona mkono mmoja hauchezi nikitembea. Kutetemeka sikuwa natetemeka hata kidogo, na nani kwetu anajua kwamba ugonjwa wa kutetemeka unaweza kukaa mwilini bila kutetemesha? Mwaka 2012 nikaambiwa jina lake.

Jina hilo ni la James Parkinson, tabibu wa London aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1817. Ndani kabisa ya ubongo, kwenye sehemu ndogo yenye rangi nyeusi, ziko seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, na bila dopamini mwendo unakuwa kama cherehani isiyotiwa mafuta. Seli hizo zinakufa pole pole, na siku mtu anapoona dalili ya kwanza nyingi zimeshakwenda. Dawa kuu tangu miaka ya 1960 ni levodopa, ambayo ubongo huigeuza dopamini. Levodopa hiyo hiyo imo kwenye mbegu za upupu, huu huu unaotuwasha shambani. (Tafadhali asikae mtu akatwanga upupu nyumbani akajitibu. Kiasi cha dawa ndani ya mbegu hakilingani, na anayekosea anaumia.)

Miaka ya mwanzo ya levodopa madaktari huiita fungate, na kweli ni fungate. Nilikunywa vidonge mara tatu kwa siku nikarudi kushona. Kisha seli zilizobaki zikapungua mno zisiweze tena kuweka akiba ya dopamini, na hapo kila kidonge unakisikia kinapoingia na kinapotoka. Nyumbani kwetu hali hiyo tuliipa jina. Mama yangu Unguja alikaa miezi mitatu gizani, mwishoni mwa 2009 na mwanzo wa 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika kisiwa kizima. Wanangu walikuwa wakimpigia bibi yao kila siku kumuuliza, umeme umerudi? Basi na mimi ikawa hivyo. Nikikaa mezani nimeshika kijiko hakiendi, mwanangu anauliza, "Mama, umeme umekatika?" Namjibu kwa macho. Baada ya nusu saa, umeme umerudi, tena umerudi na nguvu kupita kiasi: shingo inajipinda, bega linacheza, mguu hautulii chini ya meza. Hiyo ni dawa ikiwa imezidi. Kati ya kuzidi na kukatika palikuwa na saa moja na nusu ya kuwa mimi.

Saa moja na nusu haitoshi kupunguza suruali za watu. Mwenye duka alinihamisha kutoka kwenye mashine akaniweka kaunta. Kaunta nikashindwa kuhesabu chenji haraka. Mwaka 2018 tukaachana kwa heshima, akanipa maua. Harusi nilikuwa nimeshaacha kwenda, maana kula pilau mbele za watu ilikuwa mtihani. Baadaye na simu nikaacha kupokea.

Katika miezi hiyo ya kukaa nyumbani ndipo mume wangu aliponiletea karatasi alizochapisha, amepigia mistari. Ulikuwa utafiti uitwao EARLYSTIM, uliotoka kwenye jarida la New England Journal of Medicine Februari 2013. Miaka minne kabla ya mimi kuambiwa bado mapema. Na hospitali zilizoshiriki zilikuwa za Ujerumani na Ufaransa.

Ili mtu auelewe utafiti ule inabidi arudi nyuma kidogo, mjini Grenoble, mwaka 1987. Daktari wa upasuaji wa ubongo, Alim-Louis Benabid, alikuwa akifanya upasuaji wa tangu zamani wa kuzuia mtetemeko: unapitisha sindano ndefu mpaka kwenye thalamasi, katikati ya ubongo, unaunguza kipande kidogo. Kabla ya kuunguza ni lazima ujaribu kwa umeme mdogo, uhakikishe sindano imekaa mahali pake. Benabid akawa anabadilisha kasi ya mapigo ya umeme, na alipofika kiasi cha mapigo 100 kwa sekunde mtetemeko ukasimama. Akizima, unarudi. Akiwasha, unasimama. Kilichoungua hakiponi, lakini umeme unaweza kuongezwa, kupunguzwa au kuzimwa. Kwa hiyo badala ya kuunguza, waya ukaachwa ndani, umeunganishwa na betri iliyofukiwa chini ya ngozi ya kifua. Marekani, Mahlon DeLong naye alikuwa amefuatilia njia za ubongo zinazoharibika katika ugonjwa huu, akaonyesha kwamba kiini kimoja chini ya thalamasi, chenye umbo la dengu na urefu wa kama sentimita moja, kinapiga kelele kupita kiasi dopamini inapopungua. Mwaka 1993 Benabid na mwenzake Pierre Pollak wakaanza kupeleka waya huko. Hapo hausimami mtetemeko peke yake, ukakamavu wa mwili unalegea na mwendo mzito unachangamka. Mwaka 2014 Benabid na DeLong walipewa pamoja tuzo ya Lasker.

Kwa miaka mingi upasuaji huo uliwekwa mwisho wa foleni. Waliopewa walikuwa watu walioumwa miaka kumi na zaidi, wengi wamestaafishwa, wengine hata hawakumbuki mara ya mwisho walipotoka nyumbani peke yao. Mikono ilirudi, lakini kazi ilikuwa haipo tena, na marafiki walishazoea kuishi bila wao. Hilo ndilo lililowafanya akina Günther Deuschl, daktari wa neva wa Ujerumani, na wenzao wa Ufaransa waulize: je, tukimwahi mtu kabla maisha hayajamponyoka?

Wakachukua wagonjwa 251. Wote chini ya miaka 61, wastani wa umri miaka 52. Wote wameumwa si chini ya miaka 4, na kule kukatikiwa na dawa hakujazidi miaka 3. Yaani mimi. Nilisoma vigezo vile nikahisi mtu kanipiga picha dirishani. Nusu walifanyiwa upasuaji na kuendelea na dawa, nusu walipewa dawa bora peke yake, wakafuatiliwa miaka 2.

Kipimo chao kikuu hakikuwa mkono kutetemeka. Kilikuwa maswali 39 juu ya maisha, na mtu wa karibu na mgonjwa ayasome ndiyo ataelewa. Umeshindwa kufunga vifungo? Umeona haya mbele za watu kwa sababu ya ugonjwa? Umeuficha? Umekwepa kula au kunywa hadharani? Ukijumlisha majibu, waliofanyiwa upasuaji maisha yao yalikuwa bora kwa asilimia 26. Wa dawa peke yake walibaki pale pale, wakaporomoka kidogo. Dozi za levodopa na ndugu zake zilipungua kwa asilimia 39 upande mmoja, zikaongezeka kwa asilimia 21 upande wa pili.

Lakini sitaki mtu anukuu asilimia 26 akaacha ukurasa unaofuata. Matatizo makubwa yaliwapata asilimia 54.8 ya waliofanyiwa upasuaji, na asilimia 44.1 ya wale wa dawa. Mengi yalipita, ila si yote. Watu wawili wa upande wa upasuaji walijiua, na mmoja wa upande wa dawa. Nimelala na sentensi hiyo usiku mwingi. Umeme ukipunguza dawa, dopamini inayobeba moyo wa mtu nayo inashuka, na mtu anaweza kuzama huku kila mmoja anamsifu jinsi anavyotembea. Ndiyo maana siamini upasuaji wa mahali ambapo hakuna mtaalamu wa nafsi kabla na baada.

Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaruhusu matibabu haya kwa walioumwa miaka 4 na kuendelea, ambao usumbufu wa dawa umewaanza karibuni. Neno mapema likawa na kipimo. Si siku unapoambiwa una Parkinson, wala si siku unaposhindwa kila kitu. Ni pale fungate inapoisha.

Wapo waliojaribu kuwahi zaidi ya hapo. Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Tennessee, Marekani, kilichukua watu 30 ambao dawa bado zinawatosha, hawajakatikiwa hata siku moja, nusu yao wakawekewa waya. Baada ya miaka mitano matokeo yalitia moyo, khasa upande wa mtetemeko na wingi wa dawa. Ila mmoja wao alipata kiharusi wakati wa upasuaji, na watu 30 ni wachache mno kujenga juu yao hoja kwamba umeme unachelewesha ugonjwa. Rai yangu ni kwamba mtu ambaye kidonge bado kinamtosha asiuze utulivu alio nao kwa ahadi ambayo haijathibitishwa. Seli zinaendelea kufa, waya ukiwepo au usiwepo. Umeme unamrudishia mtu saa zake za mchana, ugonjwa wenyewe hauponyi.

Nilihama daktari. Ndugu wa mume wangu wakasema nina haraka, ami yangu wa Makunduchi akasema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Nikaswali istikhara, nikaenda kupimwa.

Kipimo kikubwa ni rahisi kukieleza na kigumu kukistahimili. Usiku unaacha dawa zote. Asubuhi wanakuchukua ukiwa umezima kabisa: kunja vidole, piga mguu chini, inuka kitini. Wanaandika alama, na zikiwa nyingi ndiyo umezidiwa. Kisha wanakupa levodopa ya kutosha, wanangoja, wanapima upya. Ukipata nafuu kubwa, angalau theluthi, basi umeme nao utakufaa, maana kwa kawaida kile ambacho dawa haikisaidii, umeme nao haukisaidii. Mtetemeko ndio unaotoka nje ya kanuni hiyo. Nilianza na alama 38 nikashuka hadi 13. Wakanipiga picha ya MRI, wakanipima kumbukumbu, wakaniuliza mambo ya huzuni na kamari na ununuzi. Wakaniambia damu inaweza kuvuja kwenye ubongo kwa mtu mmoja au wawili katika kila 100. Nikasaini kwa mkono wangu, herufi zimebanana kama viua.

Siku yenyewe, Machi 2019, walinyoa nywele, wakanifunga fremu ya chuma kichwani kwa skrubu nne. Ganzi wanakuchoma pale zinapoingia tu. Nilikuwa macho, kwani ubongo wenyewe hausikii maumivu, na wao walitaka kunisikia. Fuvu linapotobolewa sauti haiingii masikioni, inatoka ndani ya meno. Kisha taa zikapunguzwa na mashine ikafunguliwa spika, wakawa wanashusha waya mwembamba kama unywele, milimita kwa milimita, wakisikiliza seli. Mara kimya, mara mikwaruzo ya redio isiyoshika stesheni. Halafu ghafla ikaanza sauti nzito ya mfululizo, nikajua naijua: mvua ya masika juu ya bati. Daktari akasema, hapa ndipo.

Wakawasha umeme. Muuguzi alikuwa ananishika mkono wa kulia, anaukunja na kuukunjua kwenye kifundo. Mkono ule ulikuwa unakatika katika kama gurudumu lenye meno. Akaukunja mara ya tatu, na yale meno hayakuwepo. Ukaenda kama wa mtoto. Muuguzi akanitazama, nami nikamtazama. Wakaniomba nihesabu, nikahesabu kwa Kiswahili, moja mpaka kumi. Wakaongeza umeme na nilipofika saba ulimi ukawa mzito na shavu likawashawasha, wakapunguza. Ule mpaka kati ya mkono na ulimi, ndio wanaoutafuta kwa saa zote hizo.

Betri wakaiweka siku nyingine, chini ya mtulinga, waya ukapita chini ya ngozi ya shingo. Nilidhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo inaanza. Ilichukua miezi mitano kupata kipimo changu. Unakwenda, mtaalamu anakugusisha kidude kifuani, anabadilisha nguvu na upana wa mapigo; changu leo ni mapigo 130 kwa sekunde. Ukitoka pale mguu umekuwa mwepesi lakini sauti imefifia, unarudi, anasogeza. Sauti yangu haikurudi yote. Simu ya mama nazungumza kwa nguvu, na bado anasema "sema mwanangu, sikusikii". Nimenenepa kilo saba. Kwa wiki tatu za mwanzo nilikuwa na furaha isiyo na sababu, nikanunua vitambaa vya pesa nyingi, mpaka mume wangu aliposhika simu akawaeleza hospitali, wakapunguza umeme nami nikatulia. Kila mgonjwa anahitaji mtu wa namna hiyo nyumbani.

Na faida? Vidonge vimeshuka zaidi ya nusu. Kwa siku ninazima labda dakika ishirini, asubuhi. Usiku najigeuza kitandani mwenyewe. Nimeweka jambo hili peke yake kwa sababu aliyewahi kulala usiku mzima ubavu mmoja, akingoja mwenzake aamke amgeuze, analijua. Kazi sikurudishiwa, nafasi yangu ilishachukuliwa, na sikudai. Nashona nyumbani, kidogo. Kofia ile ya 2011 sikuifumua. Nilianzia pale ilipokomea.

Sasa nije kwa simu za nyumbani, ambazo ndizo zinazonikosesha usingizi. Ami wa baba yangu alitetemeka barazani pale Makunduchi mpaka alipokufa. Alinyweshwa kombe, akafukizwa, akaitwa mzee aliyechoka, na jina la ugonjwa wake nimelijua mimi, miaka thelathini baadaye. Hakuwa peke yake. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwatafuta wagonjwa kaya kwa kaya kati ya watu zaidi ya 161,000, na utafiti ukatoka mwaka 2008: walipata 33 wenye Parkinson, na zaidi ya robo tatu yao hakuna aliyewahi kuwaambia wanaumwa nini. Kwa watu hao mapema ni kupata jina, na kupata levodopa isiyokatika dukani. Anayechangisha ukoo mzima kwa ajili ya waya kabla mgonjwa hajapewa levodopa ya kutosha na kwa saa zinazofaa, anaruka ngazi.

Na wanaoniuliza kuhusu kusafiri kwenda kuwekewa nje nawauliza kwanza: ukirudi, nani atakupima? Kifaa hiki ni kama mtoto, hakiachwi uwanja wa ndege. Kinarekebishwa mara nyingi mwaka wa kwanza, kidonda kinaweza kuingia vijidudu, na betri isiyochajiwa hubadilishwa baada ya miaka mitatu hadi mitano, kwa upasuaji mwingine mdogo. Ukiishi mbali na mashine ya kukirekebisha, unaweza kubaki na chuma cha bei kubwa kifuani na mwili uliozima.

Juma lililopita alinipigia kijana wa Tanga. Kaka yake ana miaka 51, ni dereva, ameugua mwaka wa sita, na daktari mmoja amemwambia angoje. Sikumwambia afanye wala asifanye. Nilimuuliza, kaka yako kwa siku anazima saa ngapi, na saa ngapi mwili unamcheza? Nikamsikia anaweka simu chini na kuuliza. Sauti ya nyuma ikajibu, ndogo, ya mtu ambaye mdomo haujafunguka vizuri. Kijana akarudi: "Dada, anasema hajawahi kuhesabu."

Nikamwambia atafute daftari, achore mistari ya saa tangu alfajiri mpaka usiku, ajaze kwa wiki mbili, kisha warudi nalo kwa daktari. Akasema nisubiri. Nikasikia anafungua mtoto wa meza, anatafuta kalamu.